Mtandao umegoma? Soma namba iliyo kwenye skrini kabla ya kulipa mara ya pili

Mfanyabiashara anayesubiri shehena ya dawa au vipuri katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba anaweza kupoteza siku nzima, na pengine kulipa ada ileile mara mbili, kwa sababu ya namba ya tarakimu tatu inayotokea kwenye kompyuta ya wakala wake. Namba hiyo yaweza kuwa 404, 500 au 504. Ni lugha ya kompyuta kuu, yaani seva, ya kueleza ni wapi kazi imekwama.

Tatizo ni kwamba wengi wetu huzisoma namba zote kwa maneno mawili tu: "Mtandao umegoma." Baada ya hapo hubonyeza tena, na tena. Baadhi ya namba hizo zinaruhusu kubonyeza tena bila hasara yoyote. Nyingine zinasema wazi kwamba hata ukibonyeza hadi jioni hakuna kitakachobadilika. Na ipo moja ambayo kubonyeza tena bila kuuliza kunaweza kukutoa fedha mfukoni.

Makala haya yanaeleza tofauti hizo kwa wafanyabiashara, wasafirishaji na mawakala wa forodha wanaopitisha mizigo Juba.

Kwa nini jambo hili ni zito Juba

Sudani Kusini haina bandari ya bahari. Mizigo mizito huingia zaidi kwa malori kutoka Uganda, kwa barabara ya Nimule hadi Juba yenye urefu wa kilomita 192, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Mzigo usioweza kusubiri foleni ya mpakani, kama dawa, chanjo, vipuri vya mitambo au vifaa vya mawasiliano, huja kwa ndege kutoka Nairobi, Entebbe, Addis Ababa au Dubai. Msimu wa mvua barabara nyingi za ndani ya nchi hazipitiki, na ndege huwa ndiyo njia pekee ya kufika sehemu kadhaa.

Mzigo wa ndege hufika haraka kuliko karatasi zake. Kabla haujatoka ghalani, taarifa zake huwa zimepita katika seva kadhaa: ya shirika la ndege, ya forodha ya nchi ulikotoka, ya benki au kampuni ya simu inayopokea malipo, na za ofisi za huku unakofikia. Mzigo ukitoka Nairobi, taarifa zake zimepita katika mfumo wa iCMS wa Mamlaka ya Mapato Kenya. Ukitoka Entebbe, zimepita katika ASYCUDA World inayotumiwa na Mamlaka ya Mapato Uganda, mfumo uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD. Seva moja ikikwama, mnyororo wote husimama. Wakati huo gharama za ghala zinahesabiwa, lori la kukodi liko nje linasubiri, na chanjo iko kwenye barafu inayoyeyuka.

Tarakimu ya kwanza inatosha kuanzia

Namba hizi si siri ya mafundi. Zimo katika kanuni za mawasiliano ya tovuti zilizoanza kuchapishwa mwaka 1996 na kuongezwa baadaye, na ni zilezile dunia nzima, iwe kwenye tovuti ya forodha, ya benki au ya gazeti. Anza na tarakimu ya kwanza.

Ikianza na 2, kazi imekubaliwa. Kwa kawaida hutaiona namba hii, utaona ukurasa wako tu.

Ikianza na 3, umeelekezwa anwani nyingine.

Ikianza na 4, seva inasema kasoro iko upande wako: anwani, ruhusa au taarifa ulizotuma.

Ikianza na 5, seva inakiri kwamba imeshindwa yenyewe. Ombi lako huenda halina kosa lolote.

Ikiwa hakuna namba kabisa, na kompyuta inasema tu kwamba ukurasa haukupatikana au muunganisho umekatika, basi kwa kawaida ujumbe huo umeandikwa na kompyuta yako mwenyewe. Seva haijakujibu kwa sababu pengine hata haijakusikia. Tatizo ni njia.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mtandao utarudi lini?" bali "nani aliyekwama: mimi, njia, au seva?" Jibu lake ndilo linaloonyesha nani wa kupigiwa simu.

Namba za 4: rekebisha kwanza, ndipo utume

400 ina maana kwamba ulichotuma hakikueleweka. 401 ina maana kwamba mfumo haujui wewe ni nani. Mara nyingi umekaa muda mrefu bila kugusa kitu na mfumo umekutoa. Ingia upya kwa jina na neno lako la siri. 403 ni tofauti: mfumo unakujua, lakini huna ruhusa ya ukurasa huo. Kubadili neno la siri hakusaidii hapa. Anayesaidia ni ofisa anayetoa ruhusa, kwa mfano leseni ya wakala inapokuwa imeisha au haijaunganishwa na akaunti.

404 ina maana kwamba ukurasa haupo kwenye anwani uliyoandika. Kwa tovuti za Sudani Kusini hili linahitaji uangalifu wa ziada. Nchi ilipata uhuru Julai 2011, lakini herufi zake za mtandao, .ss, ziliingizwa katika mfumo wa majina ya intaneti mwaka 2019. Kwa miaka hiyo yote ofisi zilitumia anwani za namna mbalimbali. Anwani uliyoihifadhi zamani inaweza kuwa imekufa, na mbaya zaidi, inaweza kuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Usilipe chochote kwenye tovuti uliyoifikia kwa anwani ya kubahatisha.

413 ina maana kwamba faili ni kubwa mno. Hutokea unapoambatisha ankara zilizopitishwa kwenye skana kwa rangi na ubora wa juu. Zipitishe upya kwa rangi nyeusi na nyeupe, au zigawe. 429 ina maana kwamba umetuma maombi mengi mno kwa muda mfupi. Dawa yake ni kuacha kubonyeza.

Kuna pia makosa ambayo hayana namba, bali maandishi mekundu pembeni ya kisanduku ulichojaza. Hapo seva ni nzima na imekagua taarifa zako ikazikataa. La kawaida kwa mizigo ya ndege ni namba ya hati ya mzigo. Namba hiyo ina tarakimu 11. Tatu za mwanzo ni za shirika la ndege: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines. Nane zinazofuata ni za mzigo, na ya mwisho kati ya hizo nane ni ya ukaguzi.

Unaweza kuikagua mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Chukua tarakimu saba za mwanzo kati ya zile nane, zigawanye kwa 7, na baki lazima lilingane na tarakimu ya nane. Tuseme namba ni 706-12345675. Gawanya 1234567 kwa 7, unapata 176366 na baki 5. Tarakimu ya nane ni 5, basi namba imeandikwa sawasawa. Karani akigeuza 6 na 7 akaandika 1234576, baki linakuwa 0, na mfumo utaikataa. Wakala anayejua hesabu hii hatapoteza saa mbili akimlaumu mtoa huduma wa intaneti kwa kosa la kidole.

Namba za 5: kilichoko nyuma ya dirisha

Ili kuzielewa namba za 5, fikiria ofisi ya ghala. Getini yupo mlinzi anayepokea makaratasi yako. Ndani yupo karani anayeyashughulikia. Nyuma yake kuna kabati la mafaili. Mfumo wa mtandaoni umepangwa hivyohivyo: kuna seva ya mlangoni, kuna programu yenyewe, na kuna hazina ya taarifa. Wewe unaongea na mlinzi tu.

500 ina maana kwamba karani amepokea kazi yako na amekwama katikati bila kujua la kufanya. Inaweza kuwa kasoro ya programu, au hazina ya taarifa imejaa. Jaribu mara moja tu baada ya dakika chache. Ikirudia kwenye tamko lilelile wakati matamko mengine yanapita, kuna kitu ndani ya tamko hilo kinachoikwaza programu. Peleka taarifa kwa wahusika.

502 ina maana kwamba mlinzi amepeleka karatasi ndani na kuletewa jibu lisiloeleweka. Mara nyingi programu imezimwa au inawashwa upya. Subiri dakika 10 hadi 15.

503 ina maana kwamba ofisi haipokei watu kwa sasa: iko kwenye matengenezo au imezidiwa na foleni. Hapa kila anayebonyeza tena anairefusha foleni ileile inayomchelewesha.

Mfano wa karibu wa mfumo kuzidiwa ni wa Kenya. Mwishoni mwa Julai 2023, tovuti ya serikali ya eCitizen ilishambuliwa kwa kurushiwa maombi mengi ya uongo hadi ikashindwa kuhudumia watu. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna taarifa zilizopotea. Wageni waliohitaji visa ya mtandaoni iliamuliwa wapewe visa wanapowasili. Somo kwa mfanyabiashara ni kwamba mfumo ukizidiwa kwa kiwango hicho, suluhisho halipatikani kwenye kompyuta yako. Linapatikana kwa kuuliza ofisi husika kama imefungua utaratibu wa makaratasi.

504: hii ndiyo ya kuogopa

504 ina maana kwamba mlinzi amepeleka karatasi zako ndani, amesubiri, karani hajarudi, naye akaamua kukuambia muda umekwisha. Soma sentensi hiyo tena. Hakusema kazi haikufanyika. Amesema tu kwamba yeye amechoka kusubiri jibu.

Seva nyingi za mlangoni husubiri sekunde 60 kama mafundi hawajabadilisha mpangilio. Tuseme umebonyeza kitufe cha kulipa. Karani ameanza kuwasiliana na benki, benki imechelewa, malipo yamekamilika sekunde ya 75. Kwako skrini ilionyesha 504 tangu sekunde ya 60. Wewe unaamini umeshindwa kulipa, kumbe akaunti imeshakatwa. Ukibonyeza tena, umelipa mara mbili. Ukiwa umetuma tamko la forodha, sasa kuna matamko mawili ya mzigo mmoja, na ofisa atakuuliza lipi ni la kweli. Kurudishiwa fedha iliyolipwa mara mbili ni kazi ya barua na kusubiri, na mtaji wako umelala.

Hali ni ileile kama umeme au intaneti ikikatika mara tu baada ya kubonyeza. Ombi lilikwisha ondoka, jibu ndilo lililopotea njiani. Haraka haraka haina baraka: fuata hatua hizi.

Kwanza, usibonyeze kitufe cha kurudia, wala usipakie ukurasa upya ikiwa kompyuta inauliza kama itume taarifa tena.

Pili, fungua ukurasa mwingine, ingia upya, na utafute tamko au malipo kwa namba yake ya rejea. Angalia pia ujumbe wa simu kutoka benki na taarifa ya akaunti.

Tatu, ukikuta kazi imekamilika, chapisha stakabadhi na usonge mbele.

Nne, usipoona kitu, subiri angalau nusu saa uangalie tena, kwa maana malipo mengine huchelewa kuonekana. Mzigo ukiwa wa kuharibika na huwezi kusubiri, piga simu benki waseme kama fedha imetoka.

Tano, ukithibitishiwa kwamba haikutoka, tuma tena kwa namba ileile ya rejea. Usiombe namba mpya. Mfumo uliotengenezwa vizuri hutambua namba iliyokwisha lipiwa na kuikataa mara ya pili. Namba mpya kwake ni deni jipya.

Pasipo na namba: kagua njia

Mwaka 2020 kampuni ya Liquid Telecom ilifikisha Juba mkongo wa faiba kutoka mpaka wa Uganda. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalitegemea zaidi satelaiti, na ofisi kadhaa bado zina dishi. Satelaiti za aina ya zamani ziko umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya dunia, hivyo ombi na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Ukurasa wenye vipande vingi hujikokota, na fomu ndefu huweza kuishiwa muda.

Faiba nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua kwa siku kadhaa Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko katika ukanda huu. Siku kama hizo seva ya forodha inaweza kuwa nzima kabisa lakini haifikiki.

Kipimo ni rahisi. Fungua tovuti nyingine mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Zisipofunguka, tatizo ni laini yako: hamia mtandao wa simu au laini ya jirani. Zikifunguka zote isipokuwa ya forodha, mpigie mwenzako aliye Kampala au Nairobi ajaribu. Kwake ikifunguka, mlaumu mtoa huduma wako. Kwake nako ikigoma, tatizo ni la seva.

Saa ya Juba na saa ya Nairobi

Kuna chanzo kimoja cha hitilafu ambacho ni cha Sudani Kusini hasa. Tarehe 1 Februari 2021 nchi ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja. Tangu hapo, Nairobi na Kampala ikiwa saa 3 asubuhi, Juba ni saa 2 asubuhi. Dereva anayevuka kutoka Elegu kuingia Nimule anapata saa moja ya ziada. Wakala wa Juba naye anaipoteza jioni: ofisi ya Nairobi inayofunga saa 11 jioni kwa saa za huko, kwake imefunga saa 10.

Kwenye kompyuta shida huanza mtu anaporudisha mshale wa saa kwa mkono badala ya kuchagua Juba kwenye orodha ya majira. Kioo kinaonyesha saa sahihi, lakini kwa ndani kompyuta bado inajihesabu iko kwenye majira ya Nairobi, kwa hiyo iko nyuma ya dunia kwa saa moja nzima. Namba za siri za muda mfupi, zile za programu ya simu zinazobadilika kila sekunde 30, zitakataliwa kama simu hiyo saa yake imechezewa hivyo. Utaona 401, utabadilisha neno la siri, na bado utakataliwa.

Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza hata tarehe kila umeme unapokatika. Ikiwaka na mwaka wa zamani, tovuti zote salama zitaonekana hazina vyeti halali, na kivinjari kitatoa onyo. Usilipite onyo hilo ili ulipe. Rekebisha tarehe kwanza. Tarehe ikiwa sahihi na onyo likabaki, acha kulipa hadi ofisi ithibitishe tovuti yake.

Unapolalamika, lalamika kwa ushahidi

Fundi akiambiwa "mfumo haufanyi kazi" hana pa kuanzia. Mwandikie mambo haya: namba iliyotokea na maneno yake kama yalivyo, tarehe na saa, ukitaja kama ni saa ya Juba au ya Nairobi, anwani ya ukurasa, namba ya hati ya mzigo au ya tamko, na ulikuwa unabonyeza nini. Ambatisha picha ya skrini. Seva huandika kila ombi kwenye daftari lake pamoja na saa, na mtu mwenye saa sahihi anaweza kulipata ombi lako kati ya maelfu. Ukikosea kwa saa moja, atatafuta ukurasa wa watu wengine. Usimpe mtu yeyote neno lako la siri, hata akisema ni fundi.

Ushahidi huo una kazi nyingine. Ukidaiwa gharama za ghala kwa siku ambayo mfumo ulikuwa chini, picha yenye namba na saa ndiyo hoja yako ya kuomba nafuu. Maneno matupu kwamba mtandao uligoma hayana uzito mezani.

Kwa ufupi

Ikianza na 4, rekebisha ulichotuma. 500, 502 na 503 zikitokea unapofungua ukurasa tu, subiri kisha jaribu. Zikitokea baada ya kubonyeza kitufe cha kulipa au kutuma tamko, zihesabu kama 504: tafuta kwanza kama kazi ilikwisha fanyika. Pasipo na namba, kagua laini, na kama ulikwisha bonyeza kulipa, kagua akaunti pia. Bandika maelezo haya ukutani karibu na kompyuta ya ofisi, kwa kuwa anayebonyeza kitufe mara nyingi ni karani, na anayelipa mara mbili ni mwenye mzigo.